Maumivu Yaliyosemwa Pembeni

Ujumbe ulinikuta kwenye meza ya chakula, nikisahihisha mitihani ya Kiingereza, sahani ya maharagi nimeisukuma kando ili mchuzi usichafue karatasi za watu. Simu ilitikisika karibu na kikopo cha chumvi. "Yaya Kahindo, Mama ametutoka leo asubuhi. Tutamuzika kesho kutwa. Kilio iko kwa nyumba, Beu. Ni miye Masika, binti wake." Yaya kwetu ni dada wa kuheshimiwa. Nilisoma mara tatu. Mama aliyekufa ni Mama Kavugho wa Eringeti, mwanamke niliyemsikia akizungumza kwa muda usiotosha kuchemsha chai, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Tangu hapo sikuwahi kwenda kumwamkia hata siku moja, ingawa kutoka kwangu Butembo hadi Beni, kwenye mtaa huo wa Beu, ni mwendo wa asubuhi. Karatasi iliyokuwa mbele yangu iliwataka wanafunzi waeleze kwa Kiingereza jambo linalozidi siku hadi siku. Mmoja alikuwa ameandika kuhusu mvua, mwingine kuhusu bei ya sukari. Niliweka kalamu chini na sikuishika tena siku ile.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Nilizaliwa wapi, baba alifanya kazi gani, tulikuwa wangapi nyumbani, hayo yote nayaacha, kwa sababu hayana hatia katika jambo hili. Mwaka wenyewe ulianzia Mususa, mtaa wa Butembo, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya seremala. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, mitatu ya mbao zilizokataliwa na wateja, na vumbi la msumeno lilipenya kila mahali, hata ndani ya madaftari. Hapo Ticha Kakule alitufundisha Kiingereza kila alasiri, seremala akipiga randa upande wa pili. Ticha alikuwa ameishi Kasese, Uganda, miaka tisa, akiuza misumari na rangi katika duka la mtu, na Kiingereza chake alikiokota kaunta. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na koti moja la kijivu, meno mazuri, na ubao wa triplai alioupaka rangi nyeusi mwenyewe. Wanafunzi wenzangu walikuwa wafanyabiashara wa vikwembe, ndivyo vitenge, na wa vipuri vya pikipiki, watu wazima waliotaka kujua namna ya kubishana bei Kampala, na mimi, binti wa miaka ishirini na mbili aliyemaliza sekondari na kukaa bure.

Somo alilolipenda Ticha kuliko yote lilikuwa ngazi. Alichora ngazi ndefu ubaoni, na kwenye kila kidato akaandika neno la Kiingereza la kuzidisha jambo: chini kabisa kidogo, halafu kiasi, halafu sana, halafu zaidi, na karibu na juu yale maneno mawili yanayokwenda yakishikana mikono, "more and more", ambayo alisema maana yake ni kwamba jambo halijasimama, bado linapanda wakati unazungumza. Juu ya ngazi yote, hewani, pasipo kidato, akaandika "too". "Hapa," akasema, "umepita. Kitu hakina kazi tena." Kisha akaleta birika la chai ya rangi na kikombe kimoja, akamwita Papa Muhindo, muuzaji wa vikwembe, aonje. Kijiko cha kwanza cha sukari, darasa zima tukasema neno lake kwa sauti. Cha pili, tukapanda kidato. Cha tatu, cha nne. Kwenye kijiko cha saba Ticha akatuonyesha lile neno la hewani, lakini Papa Muhindo akalamba midomo, akasema, "Ticha, kwangu haiyapita bado. Ongeza." Tulicheka mpaka seremala akaacha randa na kuchungulia.

Ticha akangoja kicheko kiishe. "Muangalie vizuri," alisema. "Siye tunasemaka njia iko mbali. Kama iko mbali zaidi, tunavuta sauti: mbaaali. Kama iko mbali kabisa, mukono inanyoka, mudomo nayo inasukuma. Mungereza hapana vuta sauti. Mukono yake iko mu mufuko. Yeye anaongeza neno tu. Kila neno ni kidato moja. Ukikosa neno, hatajua kama umepanda." Papa Muhindo, mwenye sukari bado mdomoni, akauliza, "Na mutu mwenye ananyamaza, Ticha? Yeye tunamuweka kwa kidato gani?" Ticha akamjibu kwamba mtu mwenye kunyamaza haji kulipia kozi, tukacheka tena, na somo likaendelea. Sikulifikiria swali lile. Nilikuwa nanakili ngazi kwenye daftari, kwa kalamu mbili za rangi tofauti, na mwisho wa mwezi wa tatu nilikuwa naipanda na kuishuka pasipo kuangalia. Kichwa kilinivimba, nakiri. Nilipopita barabarani nilipima kila kitu kwa Kiingereza: matope, jua, urefu wa mahubiri.

Ndipo watu wa Eringeti walipoanza kushuka Beni wakikimbia vita. Walikuja kwa miguu, na magodoro, na mbuzi, na sufuria zikiwa bado na masizi ya chakula cha mwisho, wakajaza nyumba za ndugu zao, kisha madarasa, kisha makanisa. Wazungu wa shirika moja la afya walikuja nyuma yao, na walihitaji mtu wa kutafsiri Kiingereza, Kiswahili na Kinande. Ticha Kakule alipewa habari kwanza. Hakwenda, alisema magoti yake hayawezi, akanisukuma mimi. Aliniandikia jina langu kwenye karatasi na kunipa ushauri mmoja mlangoni, koti lake likiwa na vumbi la mbao mabegani: "Mwenye kutafsiri ni bomba. Bomba hapana ongeza maji, hapana punguza." Niliuchukua ushauri ule jinsi ulivyo. Leo, nikiwa na wanafunzi wangu mwenyewe, ninajua kwamba mwalimu humpa mwanafunzi nusu ya neno, na nusu nyingine humwachia maisha, na si kosa la mwalimu kama mwanafunzi anaikimbia hiyo nusu ya pili.

Beni nilipanga kwa Mama Katungu, shemasi wa kanisa letu, mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne katika Beu na ulimi usiolala. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha la bati, na gunia la karanga lililokaa humo kabla yangu na halikutaka kuondoka. Jioni tulikula bugali ya mihogo na sombe ya majani yake, na siku za soko makayabu, samaki wa chumvi ambaye Mama Katungu alimlowesha tangu asubuhi na bado alikuwa na chumvi ya kumliza mtu. Alikuwa na desturi ya kwetu ambayo mgeni wa mbali huchukua muda kuielewa: jambo zito hakumwambia mtu usoni. Akitaka jirani ajue kwamba mbuzi wake amekula mboga, aliwasifu kuku kwa sauti kwamba wao wana adabu. Akitaka kijana wa kwaya aoe, alimwombea jogoo wa jirani apate mke. Mkubwa wa kwetu, hasa mwanamke, hajitwishi aibu ya kuomba mbele ya mgeni. Huzungumza pembeni, na mtoto wake au jirani au hata kuku, na mgeni aliyelelewa vizuri husikia na kufanya, kana kwamba ni wazo lake. Nilikulia ndani ya desturi hiyo. Niliielewa kabla ya kuelewa saa.

Kazi ilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Mabenchi yalipangwa kando ya kuta, katikati mikeka na mizigo, na nje akina mama walipika mboga ya lengalenga juu ya mafiga, moshi ukiingia kwa madirisha na kutoka kwa mlango. Nesi wetu aliitwa Elena, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, mkali wa kazi na mpole wa vidole. Alikuwa na kadi. Kwa kila mgonjwa alichora alama ya maumivu: madogo, ya kati, makali. Pembeni mshale: unashuka, umesimama, unapanda. Wenye mshale wa kupanda ndio waliopandishwa gari kesho yake asubuhi, watu sita tu, kwenda hospitali Butembo. Kwa hiyo mshale ulikuwa kila kitu, na mshale ulitoka mdomoni mwangu. Wiki ya kwanza alikuja baba mmoja akilalamika kichwa, na alikuwa mtu wa kuhurumiwa, mwenye watoto wanne, nami nikamwongezea vidato viwili vya ngazi. Akapelekwa. Hospitali wakamkuta mzima, amelala vibaya tu, na nafasi yake ilikuwa ya mama mwenye mimba aliyebaki akingoja siku nyingine. Elena aliniita nyuma ya gari. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba nikimpa kila mgonjwa neno la juu kabisa, sitabaki na neno kwa ajili ya yule anayekufa, na kwamba anataka kile alichoambiwa yeye, chote, na hicho tu. Niliona aibu. Usiku sikula, na tangu siku ile nikawa bomba kweli.

Alhamisi iliyofuata akaja Mama Kavugho. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, na mguu wa kushoto umezungushiwa majani ya dawa. Katika kukimbia msituni alikuwa amekanyaga kisiki cha mwanzi. Binti yake Masika, rika langu hasa, alimshika kiwiko. Elena alifungua majani, akasafisha kidonda, akakisifu kwamba kilikuwa kimetunzwa. Juu ya kifundo mama alikuwa ameteremsha kikwembe na kukibana kwa viganja viwili, kwa sababu dereva wa kiume alikuwa amesimama pale na sanduku la dawa. Elena akauliza: maumivu ni makubwa kiasi gani? Yanazidi? Nikatafsiri vizuri, neno kwa neno. Mama Kavugho akatabasamu kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa chakula mahali ambapo chakula hakitoshi. "Iko kidogo, mama," akasema. "Tunashukuru Mungu. Tunasukuma." Nikampa Elena hilo, kidato cha chini kabisa.

Kisha Mama Kavugho akageuza uso kwa binti yake. Akazungumza Kinande, kwa sauti ya kawaida kabisa, taratibu, akikunja pindo la kikwembe. Nitaandika alivyosema, maana sijasahau hata neno. Alisema: "Masika, siku ya Yenga uchungu wa mguu huu ulikuwa umekula kifundo. Jana ulikuwa katikati ya muundi. Leo umefika gotini, unabisha hodi. Nauma kitambaa ili watoto wasisikie. Wageni hawa wamechoka, wana watu wengi, tusiwasumbue." Yenga ni Jumapili. Alipofika pale pa wageni wamechoka, macho yake yalipita bega la binti yake, yakatua kwangu, yakakaa kidogo, yakaondoka. Kalamu yangu ilisimama. Nilijua kabisa nilichokuwa naambiwa. Hakuna mtoto wa Kinande ambaye asingejua. Elena naye hakuwa mjinga, akaniuliza, "Amemwambia nini binti yake?" Na mimi, niliyekuwa bado nasikia joto la aibu ya wiki iliyopita, niliyeogopa kuonekana ninaongeza tena, nilijibu kwamba ni mambo ya kifamilia. Elena akachora alama ndogo na mshale uliosimama. Akatoa vidonge, akasema ainue mguu alalapo, arudi baada ya wiki. Mama Kavugho akanishukuru mimi, si Elena. "Wasingya," akasema, akaondoka akichechemea.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujitetea. Nimejiambia kwamba nilikuwa mdogo. Kwamba sheria ilikuwa sheria. Kwamba hakusema na nesi. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua, na kuna siku nilijificha nyuma ya methali hiyo kama mtu anayejificha nyuma ya mgomba. Lakini yeye hakuficha. Alitoa yote, kidato kwa kidato, siku kwa siku, kwa mpangilio ulio wazi kuliko kadi ya Elena. Kiingereza huzidisha jambo kwa kuongeza neno. Kwetu sauti hushuka kadiri maumivu yanavyopanda, na mtu anayekaribia mwisho ndiye anayesema kidogo. Nilizijua njia zote mbili. Katika ukumbi ule wa watu mia, mimi peke yangu nilizijua zote mbili, na ndiyo sababu nililipwa mshahara.

Ijumaa na Jumamosi zilipita. Nilifanya kazi, nikala, nikafua. Singependa msomaji adhani niliteseka sana. Nilihisi kitu kama kijiwe ndani ya kiatu, basi. Jumapili baada ya ibada Mama Katungu alipika wali na maharagi kwa sababu mchungaji alikuwa amepita kumsalimu. Tulipomaliza kula nilibaki mezani nasoma daftari langu la ngazi. Yeye akainama juu ya sufuria iliyoungua chini, akaishika masikio mawili, akaiambia kwa huruma nyingi: "Ee sufuria yangu, pole. Vumilia tu. Basichana ba leo banajua Kizungu, banajua na kalamu ya rangi mbili, lakini kukusugua hapana. Utakufa na masizi yako." Kabla hajamaliza nilikuwa nimeinuka, nimechukua sufuria na majivu, niko uani napiga magoti. Nilisugua mara tatu au nne. Mkono ukasimama. Mama Katungu alikuwa ameongea na sufuria, na mimi nilikuwa nimeitika mara moja, sikungoja kuulizwa, sikuuliza kama ameniambia mimi.

"Mama," nilimwita kutoka uani, "kama mama mukubwa anasema uchungu wake na mutoto wake mbele yako, anakuangalia, we unafanya nini?" Mama Katungu akatoka mlangoni na kitambaa cha kukausha sahani. Akanitazama mikono yenye majivu. "Iko ulizo gani hiyo? Unafanya." Nikamweleza, nikiwa bado nimepiga magoti. Aliposikia Alhamisi akahesabu kwa vidole: siku ya ine, ya tano, ya posho ambayo ndiyo Jumamosi, ya Yenga. Hakunizomea. Alinivua kilemba changu cha jikoni, akanifunga kingine safi, akasema, "Unakimbia sasa hivi." Nilikimbia. Kutoka Beu hadi nyumba ya Elena ni mwendo wa dakika ishirini, na njia nzima nilipanga maneno ya Kiingereza, nikapanda ngazi yote, sana, zaidi, zaidi na zaidi. Nilipofika barazani kwake nilisema kila kitu kwa mara moja, pasipo salamu, pamoja na uongo wangu wa mambo ya kifamilia. Elena alikuwa anakula machungwa. Aliuliza neno moja tu: "Alhamisi?" Nikasema ndiyo. Akachukua ufunguo wa gari, chungwa likabaki nusu kwenye sahani.

Tulimkuta kwa ndugu zake, mahali palipoandikwa kwenye kadi, akapandishwa, akapelekwa Butembo alasiri ileile, Masika akiwa amekaa nyuma ameshika kichwa cha mama yake. Mimi sikupanda, gari lilikuwa limejaa, au nilisema limejaa. Siku mbili baadaye nilikuwa nje ya dirisha la ofisi nikipanga kadi, na Elena alikuwa akizungumza ndani kwenye redio ya mawasiliano na daktari wa hospitali. Nilisikia upande wake tu. Alisema kwamba anaelewa. Alirudia kwamba wamekata juu ya goti. Kisha akauliza kama siku tatu zingebadilisha kitu, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema asante. Alipotoka alinikuta na kadi mikononi. Aliniambia kwamba mama ataishi. Akaongeza kwamba angependa niendelee na kazi, na kwamba makosa yalikuwa ya wawili, kwani yeye naye alipaswa kukiinua kile kikwembe. Huo ulikuwa wema, na nilimchukia kidogo kwa sababu ya wema huo. Niliendelea hadi mwisho wa mwaka. Kila mgonjwa aliyezungumza na mtoto wake, nilimtafsiri. Elena alianza kuacha nafasi kwenye kadi kwa ajili ya hayo ya pembeni. Lakini mguu haurudi kwa sababu watu wamejifunza.

Mama Kavugho alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, na shamba la Eringeti liko kwenye mteremko. Mtu wa mguu mmoja halilimi. Nilisikia habari zake mara chache kwa watu wa kanisa: amebaki Beu, anauza chumvi na viberiti kwenye meza mbele ya nyumba, shamba limelimwa na shemeji, kisha limeuzwa, amekataa gongo la chuma, anatumia la mti. Kila mara niliitikia, pole yake, na kuuliza jambo lingine. Nilirudi Butembo, nikawa mwalimu, nikazeeka. Ticha Kakule alikufa akiamini kwamba nilikuwa mwanafunzi wake bora, na nilimwacha aamini.

Nilifika Beu asubuhi ya mazishi. Jeneza lilikuwa sebuleni, limefunikwa kikwembe cha umoja wa wamama, na wamama wenyewe wamekaa mikekani wakiimba taratibu. Masika alinijua mara moja, ingawa mimi nilipita mbele yake pasipo kumtambua. Ana mvi sasa, na mabega ya mtu aliyezoea kumwinua mtu mwingine. Alinivuta hadi kwenye ukumbi mdogo wa nyuma palipokuwa na masufuria ya wageni, akanipa kahawa, akanishukuru kwa kuja. Kwa kuwa alinishukuru, nilishindwa kunywa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama na kikombe: kwamba siku ile nilisikia, kwamba nesi aliniuliza, kwamba nilijibu uongo. Nilitegemea alie au anifukuze. Alifunika sufuria ya wali kwanza.

"Tulijua," alisema. "Mama alikuona, kalamu ilisimama. Tulipotoka inje, miye nikaanza kulia, njo akaniambia: 'Masika, nyamaza. Ule mutoto ni wetu, ameisha kusikia. Kesho gari itakuya.' Asubuhi akaoga, akavaa kikwembe ya kanisa, akakaa kwa mulango. Ule nesi alisemaka alale, ainue muguu juu. Akakatala. Alisema akilala, gari itapita, itafikiri hatuko. Siku ya posho, vile vile. Siku ya Yenga, vile vile. Kila gari yenye ilivuma, alishika ukuta na kusimama."

Nilimuuliza kwa nini hakumtuma yeye, Masika, kuja kutukumbusha. Swali la kijinga, lakini lilitoka. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Kukumbusha nini, Yaya? Alikuwa ameisha kuomba."

Nikakaa juu ya gunia la makaa. Siku tatu, ameketi wima, mguu umening'inia, damu yote inashuka kwenye kidonda, kwa sababu aliniamini. Nililia hapo, kwa sauti, kama sijawahi kulia kwa mtu wangu wa damu. Masika aliniacha nilie. Nilipoanza kumwomba msamaha aliinua kiganja. "Hapana miye," alisema. "Miye sikungojea mutu. Yeye njo alingojea." Akaelekeza kwa kidevu sebuleni.

Niliinuka. Wamama walikuwa katikati ya ubeti. Nilipita katikati ya mikeka, nikikanyaga pindo za watu, mpaka kwenye jeneza, na hapo sikumtafuta mtu wa pembeni wa kuzungumza naye. Niliweka mikono miwili juu ya kifuniko na kusema kwa Kinande, kwa sauti ambayo walio uani waliisikia: "Mama Kavugho, ni mimi yule mtoto. Nilisikia. Nilisikia yote siku ileile." Wimbo ulikatika. Mtu mmoja aliuliza huyu ni nani, na nikasikia Masika nyuma yangu akiwajibu waniache, bado sijamaliza.